Malipo ya Mwezi wa Pili

Mteja anayelipia mtandaoni kwa mara ya kwanza yuko macho. Bei anaiona, kadi ameishika, na namba ya siri inayotumwa na benki yake anaiingiza mwenyewe. Malipo yakikwama atajaribu tena, kwa sababu kitu anakitaka. Mwezi wa pili mteja huyo hayupo. Amelala, au yuko kazini, au amesahau kabisa kwamba leo ni tarehe ya kukatwa. Uhai wa biashara ya usajili uko katika malipo hayo ya pili, ya tatu na ya kumi na mbili, na hapo ndipo wengi wanaoanza hawajapatazama. Wanachagua njia ya kupokea fedha kwa kuangalia malipo ya kwanza tu.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Zanzibar anayefundisha Kiswahili kwa video alizorekodi, kwa ada ya dola 5 kwa mwezi. Wanafunzi wake wako Hamburg, London na Minneapolis. Baadhi ni watoto wa familia za Kizanzibari waliozaliwa Muscat, na wachache ni wageni wanaoishi Dar es Salaam. Soko analo. Swali ni vipi fedha za watu hao zitamfikia kila mwezi bila yeye kuwafuata mmoja mmoja kwa ujumbe.

Mwanafunzi wa Hamburg anapolipa, ombi linatoka kwenye tovuti, linapita kwa kampuni inayochakata malipo, linaingia kwenye mtandao wa Visa au Mastercard na kuishia kwa benki ya Ujerumani iliyotoa kadi. Benki hiyo ndiyo yenye uamuzi. Hujibu ndiyo au hapana kwa sekunde chache, na fedha zenyewe hufuata siku moja au kadhaa baadaye, kila aliyepitiwa akiwa amekata chake. Namba ya kadi haipaswi kukaa kwenye tovuti ya mwalimu. Kampuni ya malipo huihifadhi kwa kufuata masharti ya usalama yaliyowekwa na mitandao ya kadi tangu 2004, na mwalimu hubaki na tokeni, yaani alama inayowakilisha kadi ile bila kuifichua. Kabla ya kusaini mkataba, uliza jambo moja ambalo halimo kwenye matangazo: siku nikihama, mtazihamishia kadi za wateja wangu kwa kampuni nyingine? Jibu likiwa hapana, siku ya kuhama utamwomba kila mwanafunzi aingize kadi yake upya, na wengi hawataingiza.

Ruhusa ya kukata bila mteja kuwepo nayo ina sheria zake. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni zilizoanza kutumika Septemba 2019, na kusimamiwa kwa ukali zaidi kuanzia 2021, zinazotaka mnunuzi athibitishwe kwa njia mbili tofauti, kwa mfano simu yake na alama ya kidole. Kwa usajili, uthibitisho huo hufanyika mara ya kwanza. Makato yanayofuata hutumwa yakiwa na alama maalumu inayoiambia benki kwamba mfanyabiashara ndiye anayekata, kwa idhini iliyotolewa tarehe fulani. Kampuni ya malipo isipoweka alama hiyo, benki ya Ujerumani inaona ombi lisilo na mwenyewe, inalikataa, na mwalimu anadhani mwanafunzi hana fedha. India walikwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, Benki Kuu yao inataka mteja ajulishwe angalau saa 24 kabla ya kukatwa, na kiasi kikivuka kikomo athibitishe tena mwenyewe. Kikomo hicho kilikuwa rupia 5,000, baadaye kikapandishwa hadi 15,000. Usajili mwingi wa kampuni za nje ulikatika mwezi ule.

Kwetu Afrika Mashariki kuna tofauti inayostahili kutazamwa vizuri. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, watu wamezoea kuthibitisha kila malipo kwa namba ya siri. Ni utaratibu salama na unaaminika, lakini unamfanya mteja aamue upya kila mwezi kama anaendelea au anaacha. Safaricom ilileta M-Pesa Ratiba mwaka 2024 ili malipo ya kujirudia yaende yenyewe, na ni hatua nzuri. Hata hivyo, kwa mteja wa simu bado naona ni afadhali kuuza miezi mitatu au mwaka mzima kwa mkupuo kuliko kuomba kidogo kidogo. Na wale wanafunzi wa Dar es Salaam wapewe bei ya shilingi: kanuni zilizotolewa Tanzania mwaka 2025 zinakataza kutaja bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazouzwa nchini.

Sasa mlango wa kuingilia. Stripe, kampuni ya ndugu wawili wa Ireland, Patrick na John Collison, ndiyo inayosifiwa zaidi na waandishi wa programu, lakini haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania. PayPal kwa muda mrefu imemruhusu Mtanzania kutuma bila kupokea, ilhali Mkenya anapokea na tangu 2018 anaweza kuhamishia salio lake M-Pesa. Kinachobaki karibu ni kampuni zilizokulia huku, kama Pesapal na DPO, zinazopokea kadi za nje kwa wafanyabiashara wa hapa. Usiwaulize tu kama wanapokea Visa. Waulize kama wanakata kwa kujirudia, kama wanaweka ile alama ya idhini, na kama watakulipa kwa dola kwenye akaunti yako ya dola au watabadilisha wao kuwa shilingi. Swali hilo la mwisho lina fedha nyingi ndani yake, kwa sababu tofauti kati ya kiwango cha Benki Kuu na kiwango wanachokupa wao inaweza kuzidi ada yao yote.

Vijana wengi hushauriwa wafungue kampuni Delaware, Marekani, ili wapate Stripe. Inawezekana, na kwa dola mia chache ipo huduma itakayokufanyia. Lakini kampuni ya Kimarekani inayomilikiwa na mgeni ina taarifa za kuwasilisha kwa mamlaka ya kodi kila mwaka, hata kama haikupata faida. Fomu inayoitwa 5472 ina faini ya dola 25,000 kwa asiyeiwasilisha, na kwa mwalimu mwenye wanafunzi 80 faini hiyo inafunga shule. Anayeuza ndoto hii bila kuitaja fomu hiyo anamwingiza mwenzake hatarini. Subiri biashara iweze kumlipa mhasibu kwanza.

Njia nyingine ni kuuza kupitia kampuni inayokuwa muuzaji rasmi mbele ya mteja, kama Paddle ya London. Yenyewe ndiyo inayotoa risiti, inayokusanya kodi ya ongezeko la thamani na kuipeleka inakotakiwa. Hilo si dogo. Umoja wa Ulaya unataka kodi ya huduma za kidijitali ilipwe kwa kiwango cha nchi aliko mteja, asilimia 19 Ujerumani na 27 Hungary, na muuzaji wa nje ya Umoja anadaiwa tangu mauzo ya kwanza. Bei ya Paddle iliyotangazwa ni asilimia 5 na senti 50 kwa kila malipo. Kwa ada ya dola 5 hizo ni senti 75, asilimia 15 ya kila kinachoingia.

Kodi tukiiweka kando, hesabu za ada ndogo zinauma kila mahali. Chukua viwango vya Stripe Marekani: asilimia 2.9 na senti 30, ukiongeza asilimia 1.5 kwa kadi ya nje. Dola 5 zinakatwa senti 52, zaidi ya asilimia 10. Dola 50 za mwaka mzima zinakatwa dola 2.50, yaani asilimia 5. Kinachokula ni zile senti 30 zisizobadilika. Kwa hiyo ada ya mwaka ipewe nafasi ya mbele kwenye ukurasa, na mwenye kulipa kwa mwezi alipe zaidi kidogo. Tena mwenye kulipa mwaka anakatwa mara moja badala ya kumi na mbili, na kila kukatwa ni nafasi ya kukataliwa.

Kukataliwa nako si kwa aina moja. Kadi iliyoripotiwa kuibiwa haifai kujaribiwa tena kamwe. Kadi ambayo salio halikutosha inafaa kusubiri, na Visa inaruhusu majaribio hadi 15 kwa siku 30, ingawa manne yaliyopangwa kwa busara, mojawapo baada ya mishahara kutoka, yanatosha. Kadi iliyokwisha muda mara nyingi inaweza kusasishwa kimyakimya kupitia huduma za Visa na Mastercard zenyewe, kama kampuni yako ya malipo imejiunga nazo. Usimfungie mwanafunzi masomo siku hiyohiyo. Mpe wiki, mwandikie kwa heshima, na mpe kiungo cha kubadilisha kadi bila kukumbuka nywila.

Halafu yapo mapingamizi. Mwenye kadi huwa na takriban siku 120 za kuiambia benki yake kwamba malipo fulani hayatambui, na fedha zikavutwa kutoka kwako pamoja na faini, mara nyingi kubwa kuliko ada yenyewe. Mapingamizi yakiwa mengi kupita kiasi ukilinganisha na malipo yako, mitandao ya kadi huanza kukufuatilia na unaweza kufungiwa. Mengi hayatokani na wizi. Mtu wa London anaona kwenye taarifa ya benki jina la kampuni asilolijua, kwa sababu mwalimu alisajili biashara kwa jina la ukoo huku tovuti ikiitwa kingine. Nafasi ya jina hilo kwa kawaida ni herufi 22, hivyo andika humo jina ambalo mwanafunzi hulisoma kila anapofungua somo. Tuma ukumbusho siku kadhaa kabla ya kukata ada ya mwaka. Kitufe cha kujitoa kiwe kwenye ukurasa uleule wa akaunti yake, kifanye kazi kwa mbonyezo mmoja, na anayeomba kurudishiwa dola 5 arudishiwe siku hiyohiyo, kabla hajapiga simu benki.