Moshi Hauhesabiwi kwa Miaka

Wengi husoma lebo ya wiski kama wasomavyo cheti cha kuzaliwa: miaka 18 ni bora kuliko 12, na 5 ni mtoto asiyestahili kusikilizwa. Kipimo hicho kina haki yake kwa wiski zinazotegemea zaidi utamu wa mbao. Lakini kwa wiski ya Uskoti iliyofukizwa moshi mzito, hasa ile ya kisiwa cha Islay, umri peke yake hupotosha. Wiski ya miaka 5 iliyotoka pipa moja inaweza kuwa imekamilika, nayo yastahili kuonjwa kwa vigezo vyake yenyewe.

Sababu inaanzia kwenye shayiri. Punje hulowekwa hadi zianze kuchipua, kisha hukaushwa juu ya tanuri linalochomwa piti, yaani udongo mweusi wa mimea iliyokaa vinamasini kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Kitendo hicho Kiswahili kina jina lake tayari: kufukiza. Kama nguo iliyotandazwa juu ya chetezo cha udi, kimea hubaki na moshi hata moto ukishazimika. Kinachonasa ni fenoli, jamii ya kemikali yenye gwayakoli inayonukia moshi wa kuni na kresoli inayonukia lami na dawa ya hospitali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya moshi imo ndani ya kinywaji kabla hakijaonja pipa. Pipa la mwaloni huleta vanila, nazi na viungo, na kadiri miaka inavyopita harufu hizo hupanda huku za moshi zikififia. Anayeutafuta moshi katika nguvu yake hana budi kuufuata ungali mchanga.

Hapo wengine hukimbilia tarakimu nyingine, ile ya fenoli katika kila sehemu milioni. Toleo la 8.3 la Octomore, wiski ya miaka 5, lilitangazwa kuwa na kiwango cha 309. Tarakimu hiyo, hata hivyo, hupimwa kwenye kimea, si kwenye glasi. Fenoli nyingi hubaki kwenye machicha na kwenye mtambo wa kukeneka, na kwa kuwa huchelewa kutoka, wakati anaoamua mkenekaji kuacha kukinga ndio unaopanga ni moshi kiasi gani utakaopita. Ndiyo maana wiski za Lagavulin na Caol Ila za Islay, zinazochukua kimea chenye viwango vinavyokaribiana kutoka kiwanda cha kimea cha Port Ellen, hazifanani mdomoni. Miaka haitoshi kutupa hukumu, wala tarakimu ya moshi haitoshi. Hukumu inatoka kwenye uwiano.

Na uwiano huonjwa kwa utaratibu. Wiski ya pipa moja mara nyingi hutiwa chupani bila kupunguzwa maji, ikiwa na alkoholi ya asilimia 55 hadi 60 na zaidi. Ukiivuta kwa nguvu puani, kinachochoma ni alkoholi, nawe utadhani umekutana na moshi. Iache glasi itulie, inuse kwa mbali mdomo ukiwa wazi kidogo, onja tone, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa mahesabu ya kompyuta kwamba alkoholi ikiwa juu sana gwayakoli huzama ndani ya kinywaji, na maji yakiongezwa huelekea juu, karibu na pua. Maji basi hayaiharibu wiski hiyo, huifungua.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba moshi ni pazia la kufichia kinywaji kibichi. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa moshi kweli hufunika. Ila hauwezi kufunika hadi mwisho. Baada ya maji na dakika kumi na tano, kinywaji kilichokenekwa vibaya hujitangaza kwa harufu ya mpira au kabichi iliyochemshwa, na kilichokenekwa vizuri huacha nyuma ya majivu utamu wa nafaka, limau na chumvi. Wengine watasema kuuza mapema ni njia ya kampuni kukwepa gharama ya kungoja, maana kila mwaka takriban asilimia 2 ya pipa hupotea hewani. Inawezekana, na hapo ndipo pipa moja linapomlinda mnunuzi: halina pipa la pili la kusawazishia kasoro zake. Tena, kima cha chini cha miaka mitatu ya kukaa pipani kilichomo katika kanuni za wiski ya Uskoti za 2009 hakikutokana na uchunguzi wa ladha. Mizizi yake ni sheria ya mwaka 1915, iliyopitishwa wakati wa vita serikali ya Uingereza ilipotaka kupunguza ulevi.

Hakuna anayedharau uzee kwa kusema haya. Wiski kongwe ya moshi ina upole ambao changa haiwezi kuuiga. Lakini ukongwe huo unaeleza kazi ya mbao, na uchanga unaeleza kazi ya kinamasi, ya tanuri na ya mkenekaji. Mwenye glasi ya wiski changa aulize jambo moja: je, moshi, nafaka na mbao vimepatana? Vikiwa vimepatana, hakuna mwaka uliopungua.