Utambuzi Kwanza, Kiendeshi Baadaye: Waya wa USB Usiotambuliwa na Kompyuta

Mwalimu wa sayansi anayetaka kuunganisha kompyuta na chombo cha kupimia aghalabu hutumia waya wa USB wa mawasiliano ya mfuatano, yaani waya upelekao habari biti moja baada ya nyingine. Pengine kompyuta hukataa kuutambua. Hapo somo hukwama, na waya mzima huweza kutupwa kwa kudhaniwa kuwa mbovu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kupata kiendeshi kifaacho, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa fulani.

Kwanza yafaa tuelewe kiini cha jambo. Ndani ya kichwa cha waya mna chipu igeuzayo mawasiliano ya USB kuwa ya mfuatano. Kompyuta haijali rangi ya waya wala jina lililoandikwa juu ya mfuko wake. Hutazama chipu hiyo. Nyaya mbili zinazofanana kama mapacha huweza kuwa na chipu tofauti, na hivyo kuhitaji viendeshi tofauti. Kubahatisha, basi, hakufai.

Kuuliza si ujinga. Nasi tuuulize waya wenyewe. Kila kifaa cha USB kinapochomekwa huieleza kompyuta namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, hata kama kiendeshi hakipo. Katika Windows tunafungua Device Manager, tunachagua kifaa chenye alama ya mshangao, kisha Properties, Details na Hardware Ids. Namba ya mtengenezaji hufuata herufi VID, na ya bidhaa hufuata PID. Katika Linux, amri ya lsusb huzionyesha. Namba zinazopatikana mara nyingi ni hizi:

0403 na 6001: FTDI, FT232
067B na 2303: Prolific, PL2303
1A86 na 7523: WCH, CH340
10C4 na EA60: Silicon Labs, CP2102

Tukiisha kuijua chipu, tunachukua kiendeshi katika tovuti ya mtengenezaji wa chipu hiyo. Tujihadhari na tovuti zinazoahidi viendeshi vya kila kifaa, kwani huweza kuingiza programu za hatari katika kompyuta ya shule. Linux huja na viendeshi vya chipu zote nne. Waya ukifanya kazi huko na kukataa katika Windows, twajua kwamba waya haujaharibika.

Huenda namba ikawa sahihi na kiendeshi kikakataa. Hapo tushuku chipu ya bandia au iliyopitwa na wakati. Viendeshi vipya vya Prolific huzikataa baadhi ya chipu za PL2303 za zamani pamoja na za bandia. Mwaka 2014 kiendeshi cha FTDI kilichosambazwa kupitia Windows kilibadili namba ya bidhaa ya chipu za bandia kuwa 0000, hata nyaya zilizokuwa zikifanya kazi zikaacha kutambuliwa. Kwa chipu halisi ya zamani, toleo la awali la kiendeshi huweza kusaidia. Kwa chipu ya bandia, ni afadhali kununua waya mwingine.

Mwisho ni jaribio. Kwenye kichwa chenye pini 9, tunaunganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande kidogo cha waya, tunafungua programu ya mawasiliano kama PuTTY, kisha tunachapa herufi moja. Ikionekana kwenye skrini, imekwenda na kurudi. Tukiondoa kipande hicho na kuchapa tena, herufi mpya haipaswi kuonekana. Ikionekana, jaribio letu halikuthibitisha lolote.

Hatua hizi zafaa kufundishwa darasani. Jedwali la namba liandikwe ubaoni. Wanafunzi wasome namba za waya wao, wataje chipu, na waeleze sababu kabla ya mwalimu kugusa kompyuta. Mwanafunzi akikosea hesabu, hatumwongezei mazoezi kabla ya kujua amekosea hatua ipi. Waya nao wastahili subira hiyo.