Kekeo Haleti Mvua

Kila vuli inapokaribia, swali hurudi. Yule ndege anayelia sauti tatu zinazoshuka, kutwa nzima na wakati mwingine usiku wa manane, je, ndiye anayeita mvua? Wakulima wa nyanda za juu, tangu Kenya hadi kusini mwa Tanzania, wengi wanamfahamu kwa sauti tu, maana hukaa juu kabisa mtini, ndani ya majani. Ni kekeo mwenye kifua chekundu. Pwani kazi hiyo amepewa dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi, na mlio wake ni kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Jibu langu kwa wanaouliza ni hili: hamjakosea kumsikiliza ndege, ila sababu mmeigeuza nyuma mbele.

Mtazame kekeo. Hajengi kiota. Jike hutaga katika kiota cha ndege mwingine, mara nyingi kurumbiza, yule mwimbaji wa alfajiri mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho. Kinda la kekeo likianguliwa huyasukuma nje mayai ya mwenye kiota, hata macho yenyewe halijafumbua, kisha hulelewa peke yake kwa jasho la wenyewe. Maisha ya namna hiyo yana sharti: kekeo awepo pale wiki zilezile ambazo kurumbiza anataga. Kurumbiza naye hutaga wadudu wanapojaa, kwa sababu makinda hulishwa wadudu. Na wadudu hujaa ardhi inapolowa. Basi dume la kekeo hufika na kuanza kulia mapema ili ajitwalie eneo. Mvua ikichelewa, yeye ataendelea kulia tu, na mkulima aliyepanda kwa kumtegemea atapoteza mbegu. Ndege huyu anayafuata majira. Hana habari na wingu la kesho.

Ila amejuaje kwamba wakati umekaribia? Hapo ndipo mambo yanaponoga.

Vitabu vingi vya kutazama ndege wa nyumbani vimeandikwa Ulaya, na kule saa kuu ya ndege ni mwanga. London, siku ndefu ya Juni inaizidi siku fupi ya Desemba kwa zaidi ya saa nane. Ndege hahitaji kuwa mwerevu ili atambue. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki saa moja. Nairobi haifiki hata dakika 15. Kwa muda mrefu wataalamu waliona kwamba tofauti ndogo hivyo haiwezi kumsaidia ndege kwa lolote. Mwaka 1998 Michaela Hau na wenzake walichapisha utafiti wao wa Panama, uliohusu ndege mmoja mdogo wa msituni: siku ikirefuka kwa dakika 17 tu, mwili wake ulianza kujiandaa kuzaa na wimbo wake ukaongezeka. Kabla ya hapo, Mjerumani Eberhard Gwinner alikuwa amewafuga ndani ndege wadogo wa nyikani kutoka Kenya, wa ukoo mmoja na kurumbiza, wakipewa mwanga wa saa zilezile kila siku. Mwaka ukageuka, wao hawaoni jua wala mvua, na bado walinyonyoka manyoya na kuwa tayari kuzaa, kisha wakatulia, kisha wakaanza tena. Saa ilikuwa ndani yao.

Kwa hiyo ndege wa ua wako huja na ratiba ya ndani iliyo karibu na ukweli, halafu mvua na chakula huirekebisha. Kila ukoo hurekebisha kivyake. Ndiyo maana ukikaa barazani kwa makini hutaona mwaka mmoja ukipita mbele yako. Utaona kalenda kadhaa zikipishana.

Kalenda ya kwanza ni ya walao wadudu, nayo hufunguliwa na kumbikumbi. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, jioni yake au asubuhi inayofuata mchwa wenye mbawa humiminika kutoka ardhini. Teleka na mbayuwayu hushuka kutoka angani. Shore, ambaye siku nyingine zote hupenda mapapai, hurukaruka kutoka ugoni akiwadaka hewani. Mwewe hunyakua kwa kucha na kula hukohuko anakoruka. Kumbikumbi wana mafuta mengi, na watu wa Ziwa Viktoria hawahitaji kuelezwa hilo. Kwa jike linalotaka kutengeneza mayai, karamu hiyo ina thamani kubwa. Wiki chache baadaye utaona kurumbiza na shore wakibeba vyakula midomoni bila kuvimeza, alama ya uhakika kwamba kuna makinda karibu.

Kuna alama nyingine ambayo watu huipeleka kwa waganga. Ndege anakigonga kioo cha gari au cha dirisha kutwa nzima, siku nenda siku rudi. Hakuna uchawi. Ni dume lililojitwalia eneo, limeona dume jingine kiooni na linataka kulifukuza. Funika kioo kwa mfuko au kitambaa kwa muda, naye atarudi kwenye shughuli zake. Lakini kwanza andika tarehe, kwa sababu umeonyeshwa msimu wa kuzaa bila kupanda mtini.

Minana wana mahitaji ya fundi. Dume husuka kiota kwa vipande virefu alivyochana kutoka kwenye majani ya nyasi, mgomba au mnazi, na jani kavu halichaniki wala halifumwi. Lazima asubiri ubichi. Akimaliza huning'inia chini ya kiota akipiga mbawa na kupiga kelele, na jike huja kukagua. Wakaguzi hawa hawana huruma: kiota kilichokwisha kukauka na kugeuka rangi ya udongo hupitwa, nalo dume hukibomoa na kuanza upya. Viota unavyovikuta vimeanguka chini ya mti kwa wingi si lazima viwe kazi ya upepo. Mwenye mnazi uliochanwachanwa hataki kusikia habari hizi, na simlaumu.

Walao mbegu huja mwisho. Mshigi na wenzake hujenga mvua zikielekea ukingoni, nyasi zinapotoa mbegu na kuzikomaza. Mwezi wa Mei na Juni, kwa wenye masika, ndio wakati wao. Na ndio wakati ambao sisi hufyeka. Ua uliofyekwa na kufagiliwa ni heshima ya nyumba, na hofu ya nyoka ni hofu ya kweli, sibishani na mwenye watoto wadogo. Ila kama uwanja unaruhusu, ukanda wa nyasi mbali na mlango, kando ya uzio, ukiachwa hadi mbegu zidondoke, utakuletea mishigi kuliko gunia la mtama uliomwagwa.

Pamoja nao yupo fumbwe, mlaghai wa pili baada ya kekeo, ambaye jike lake hutaga katika viota vya mishigi. Msimu ukiwa umekolea, dume huwa jeusi na jeupe, mdomo mwekundu, na mkia mrefu kuliko mwili wake. Kipupwe kikiingia mkia huo hudondoka, na manyoya mapya huota ya hudhurungi yenye michirizi kama ya jike. Wengi huniambia ndege wao wazuri wamehama. Hawajahama wote. Wengine wapo palepale, wamevua nguo za sherehe, na mdomo mwekundu bado utawafichua. Minana wengi pia hufifia hivyo. Kwa anayeanza kutazama, Julai na Agosti ni miezi migumu ya kuchanganya majina. Usikate tamaa, watazame kuzumburu. Asubuhi ya baridi hujipanga matawini, wakageuza matumbo juani na kuyapasha joto bila haya.

Kalenda ya wageni haitegemei mvua yetu hata kidogo. Mbayuwayu wa Ulaya na Asia hufika Septemba na Oktoba, na huondoka Machi na Aprili. Mtazame vizuri: anapofika manyoya yake yamechakaa na mkia umepunguka. Hubadilisha manyoya akiwa huku Afrika, polepole, huku akiruka kila siku, hadi kufika Machi zile nyuzi mbili za mkia ni ndefu na kali. Ukimwona hivyo ujue safari imekaribia. Usimchanganye na mbayuwayu wenyeji wanaojenga kwa tope chini ya dari za baraza; hao husubiri mvua kwa sababu rahisi kwamba bila mvua hakuna tope.

Keremkerem nao wana zamu mbili. Wale wa Ulaya na Asia hupita juu sana, Oktoba na Novemba, tena Machi na Aprili, na mara nyingi utawasikia kabla ya kuwaona. Pwani, wakati wa kusi, huja wengine kutoka Madagaska, wa kijani wenye kichwa cha rangi ya zeituni, wakakaa kwenye nyaya za umeme hadi kama Septemba. Yaani kipupwe chetu, ambacho wengi hukiona kama msimu mtupu, kina wageni wake kutoka upande wa pili wa bahari.

Safari inayonishangaza kuliko zote ni ya kozi wa Amur. Huzaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mashariki mwa China, hukusanyika India, kisha huivuka Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita 3,000 bila mahali pa kutua. Hupita kwetu Novemba na Desemba akielekea kusini mwa Afrika. Upepo anaoupanda ni kaskazi, uleule uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Arabuni na India. Hatatua kwenye mwembe wako, lakini wingu kubwa la mvua likitanda, inua macho: makundi yao hufuata mbele ya mvua, yakiwinda kumbikumbi.

Mengi tunayoyajua kuhusu kalenda hizi yalianza kupangwa Amani, kwenye Milima ya Usambara, ambako Reginald Moreau alifika mwaka 1928 kufanya kazi katika kituo cha utafiti na kukaa hadi 1946. Ndege haikuwa kazi aliyoajiriwa. Alikusanya kumbukumbu za viota na kuzilinganisha, na mwaka 1944 akachapisha makala kuhusu idadi ya mayai: ndege wa Afrika hutaga machache kuliko jamaa zao wa kaskazini. Mwaka 1950 akafuata na kazi kubwa kuhusu misimu ya kuzaa ya ndege wa bara hili. Kwa nini mayai ni machache, wataalamu bado wanavutana. Uani matokeo yake utayaona kwa chozi: jike hutundika kiota kidogo kinachoning'inia, kilichoshikiliwa kwa utando wa buibui, na ndani yake mna yai moja au mawili. Akipoteza kiota hujaribu tena. Basi usione kiota kitupu ukadhani mwaka umeharibika.

Anayeviharibu viota hivyo pwani anajulikana. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka, akazila, kisha akaendelea na mayai na makinda, akavuka hadi bara. Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Nyumbani huwezi kupigana vita hiyo, ila unaweza kuacha kuwalisha: funika jalala, usitupe mabaki ya samaki uani. Na ugo wa miiba, mchongoma kwa mfano, humpa ndege mdogo ngome ambayo kunguru haingii kwa urahisi.

Kwa anayeuliza ategee nini, jibu langu ni maji kabla ya nafaka. Januari, Februari, tena Agosti na Septemba, sahani pana yenye kina cha vidole viwili, iliyowekwa mahali palipo wazi ili paka asijifiche, itakuonyesha ndege ambao hukujua mpo nao mtaa mmoja. Mwaga na kusugua kila siku. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na hakuna ndege anayestahili homa hiyo.

Daftari ni muhimu kuliko darubini. Vuli ya 2022 ilikuwa haba hadi Mto Ruvu ukapungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, ikafurika. Mbayuwayu, walipokuwa wakiondoka kaskazini, hawakuwa na habari ya mojawapo. Minana na mishigi waliishi ndani yake. Anayeandika tarehe za pande zote mbili, wageni na wenyeji, ana kitu cha kulinganisha, awe na mvua mbili kama Tanga au msimu mmoja mrefu kama Dodoma na Mbeya, ambako miezi niliyotaja kwa wenyeji itasogea. Andika pia siku ambazo hukuona kitu. Tarehe ya mbayuwayu wa kwanza kila mtu huigundua, kwa sababu anamwona. Ya mbayuwayu wa mwisho huijui siku hiyo, utaijua wiki mbili baadaye, ukirudi nyuma kwenye daftari ambalo hukuliachia hata siku moja ya Aprili.