Mama, Chukua Bakuli Lako Sokoni

Mama mmoja anunua wali na samaki sokoni Baraka. Muuzaji amtilia chakula katika kisanduku cheupe, chepesi kama pamba. Nyumbani chakula kinaliwa kwa robo saa. Je, kisanduku kitakwenda wapi?

Wasomaji wapenzi, kisanduku hicho ni plastiki iliyojazwa hewa hata ikawa povu. Hakiozi kama jani. Zipo njia tatu za kukiondoa nyumbani, tuzipime.

Kwanza, kukitupa. Mvua ikinyesha katika milima ya Fizi, vijito huteremsha takataka hadi ziwa Tanganyika. Huko kisanduku huelea, jua na mawimbi hukivunja kiwe punje ndogondogo, na samaki huweza kuzimeza wakidhani ni chakula. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, na maji yake hayana mto wa kutokea ila Lukuga, kule Kalemie. Kiingiacho humo hukawia mno kutoka. Nalo ndilo litupalo ndagala na mikeke.

Pili, kukichoma. Hutoa moshi mweusi wenye sumu, na watoto walio karibu huuvuta.

Tatu, kukizika. Miaka mingi baadaye jembe litakifukua kingali cheupe.

Basi njia zote tatu ni mbaya. Iliyo njema ni moja tu: kutokukipokea tangu sokoni.

Jambo hili si gumu. Mama achukue bakuli lenye kifuniko. Samaki wabichi watiwe kikapuni, na vyakula vikavu vifungwe kwa jani la mgomba, kama walivyofanya bibi zetu. Anunuaye redio au televisheni atakuta vipande vya povu hilo ndani ya sanduku lake. Asiwape watoto wavimege uani, bali avihifadhi pakavu, vimfae siku ya kusafirisha vitu vya kuvunjika.

Zimbabwe ilikataza visanduku hivyo vya chakula mwaka 2017. Kongo nayo, kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, ilikataza mifuko ya plastiki. Lakini amri haishiki kikapu sokoni. Mkono wa mnunuzi ndio unaokishika. Wanunuzi wakileta mabakuli, muuzaji naye ataacha kununua visanduku, maana vinampotezea fedha.

Nanyi wanafunzi, mkitumwa sokoni kesho, msitoke mikono mitupu. Ulizeni kwanza: «Mama, bakuli liko wapi?»