Vijana Walitoa Injini, Wakatia Mota



Anayeishi Bondeni anajua: vichochoro vyetu havina pa kupeleka moshi. Tuktuk ikisimama kumngoja abiria, moshi waingia dirishani, na mtoto aliyelala huamshwa na mngurumo. Basi baadhi yenu mmeniuliza: "Haya magari ya umeme ni kweli, au ni maneno ya matajiri?" Ni kweli. Lakini kabla akiba ya kikundi haijatoka, tuelewane kwanza.

Kazi ya wanafunzi

Mwaka 2017 mradi ulioanzia kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, uliingia Kenya kama kampuni ndogo iitwayo Opibus. Vijana hao hawakuanza kwa kuunda gari jipya. Walichukua magari ya kutembeza watalii, wakatoa injini, tangi la mafuta na ekzosi, wakatia mota na betri. Huko mbugani mngurumo husumbua wanyama, na mafuta hubebwa kutoka mbali. Gari la umeme hupita kimya, na laweza kuchajiwa kambini kwa nguvu za jua. Baadaye walitengeneza pikipiki na mabasi, na mwaka 2022 kampuni ikaitwa Roam. Jirani zetu Uganda nao, mwaka 2011, walimu na wanafunzi wa Makerere waliendesha gari lao la umeme, Kiira EV.

Kwa nini halipigi kelele?

Injini ya petroli huchoma mafuta kwa milipuko midogo midogo, maelfu kwa dakika. Milipuko hiyo ndiyo mngurumo. Mabaki yake ndiyo moshi. Tena ni mbadhirifu: katika lita 4 za petroli, lita 1 hivi ndiyo husukuma gari, nyingine hupotea kama joto. Mota huzungushwa na umeme na sumaku. Hakuna kinachoungua, hakuna oili ya injini wala plagi za kubadilisha. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo, hatumhamishii jirani moshi wetu.

Hesabu kabla ya kukopa

Gari la watalii hurudi kambini kila jioni, na mwendo wake wajulikana. Tuktuk nayo hurudi nyumbani usiku. Kwa hiyo umeme waweza kutufaa. Lakini tuseme tuktuk yenu hutumia petroli ya shilingi 900 kwa siku, na ya umeme ingetumia chaji ya shilingi 250. Kwa siku 26 za kazi mtaokoa shilingi 16,900. Vizuri! Sasa, kama mkopo mpya unadai shilingi 18,000 kwa mwezi, mmepungukiwa 1,100, na akiba ya betri hamjaweka bado. Hizi ni tarakimu za mfano tu. Andikeni zenu wenyewe kwa wiki mbili, dereva na mweka hazina pamoja.

Mambo ya kuangalia

1. Betri huchakaa, nayo ndiyo sehemu ya bei kubwa. Dhamana iwe kwa maandishi.
2. Chumvi ya bahari hula vichwa vya nyaya. Vikaguliwe mara kwa mara.
3. Betri kubwa yaweza kuua. Asiyesomea kazi hiyo asiifungue.
4. Injini ikibadilishwa, karatasi za NTSA na bima nazo zibadilishwe.
5. Ukimya nao una hatari: mtoto anayecheza njiani hasikii gari likija. Dereva apunguze mwendo.

Mwaka 2015, katika barua yake Laudato Si', Papa Fransisko aliiita dunia nyumba yetu sote. Nyumba hiyo huanzia mlangoni pako. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na akina mama waliojaza kibaba hicho wana haki ya kuona hesabu kabla hakijamwagwa.

Maswali ya kujadili kikundini

- Chombo chetu huenda kilomita ngapi kwa siku, na hulala wapi?
- Mahali hapo pana umeme wa kuaminika?
- Kikiharibika, fundi yuko Mombasa au tumngoje kutoka Nairobi?
- Betri ikifa kabla mkopo haujaisha, nani atalipa?

Swali la mwisho likikosa jibu, msitie sahihi.