Meliloto na Vena Zilizovimba Miguuni

Vena za miguu hurudisha damu moyoni kutoka chini kwenda juu. Ndani yake mna vali zinazozuia damu isirudi nyuma. Vali zikilegea, damu hutuama, nayo vena huvimba na kujipindapinda chini ya ngozi.

Barani Ulaya, tatizo hili limetibiwa tangu zamani kwa meliloto, mmea wa jamii ya kunde (jina la kisayansi: *Melilotus officinalis*). Mmea uliokaushwa hulowekwa katika maji ya moto, kisha kitambaa huchovywa humo na kufungwa mguuni. Lengo ni kupunguza uvimbe. Vali zilizolegea hazirekebishwi.

Mmea huu una kumarini. Ukiota ukungu, kumarini hugeuka kuwa dikumaroli, kemikali inayozuia damu kuganda. Miaka ya 1920, ng'ombe wa Amerika Kaskazini waliokula meliloto yenye ukungu walikufa kwa kuvuja damu. Kutokana na kemikali hiyo, wanasayansi wa Wisconsin, Marekani, walitengeneza wafarini, ambayo leo ni dawa ya kuzuia damu kuganda.

Zingatia: mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya vena. Usiukande, mgonjwa awahishwe hospitali.