Geji za dijiti kwenye gari la kale: kweli na uongo katika milima ya Upare

Land Rover au Kombi iliyogeuzwa nyumba, yenye kitanda na jiko nyuma, hupita Same kwenye lami ya Arusha na Dar es Salaam bila shida. Shida huanza mwenye gari anapoacha lami apande Mbaga kuelekea msitu wa Chome: jua la tambarare, mzigo wa maji na magodoro, kisha mwinuko mrefu wa gia ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo watu hutamani skrini itakayowaambia injini inapitia nini. Wana haki ya kutamani. Tatizo ni kwamba wengi huuziwa kifaa pamoja na maneno yasiyo ya kweli.

“Chomeka kifaa kwenye soketi ya daignosisi, simu itasoma kila kitu.”

Si kweli. Soketi hiyo ililazimishwa kwenye magari madogo Marekani kuanzia mwaka 1996, na Ulaya miaka ya mwanzo ya 2000. Land Rover Series III ilitengenezwa kati ya 1971 na 1985. Hata injini ya 1HZ ya Land Cruiser, iliyotoka mwaka 1990 na ambayo mafundi wetu wanaijua kama viganja vyao, husukumiwa dizeli na pampu ya kimakanika. Hakuna kompyuta, kwa hiyo hakuna data ya kusomwa. Kila namba unayoitaka lazima uifungie sensa yake: joto, presha ya oili, volti, mizunguko ya injini. Anayekuambia kuna njia ya mkato anakuuzia plastiki.

“Namba ya temprecha ikiwa nzuri, injini iko salama.”

Hili ndilo linaloua injini nyingi, na lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba namba inashinda mshale. Kwenye magari mengi mshale umepangwa utulie katikati hata joto likipanda au kushuka kwa nyuzi kadhaa, na ukianza kusogea tayari umechelewa. Namba inakuonyesha joto likitoka 88 kwenda 92, kwenda 97, nawe una muda wa kupunguza mwendo au kusimama kivulini.

Lakini sensa ya kawaida hupima maji yanayoigusa. Mpira wa rejeta ukipasuka kwenye kona za juu na maji yakaisha, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke. Skrini inaweza kuonyesha namba tulivu, au hata ianze kushuka, huku hedi inaungua. Ndiyo maana kifaa cha kwanza ambacho ningefunga ni sensa ya kiwango cha maji yenye kengele, kabla ya skrini yoyote. Cha pili ni sensa inayofungwa kwa boliti kwenye chuma cha hedi chenyewe, kwa sababu chuma hakiishi kama maji. Skrini yenye rangi inaweza kusubiri.

“Mlimani maji huchemka mapema, kwa hiyo namba za tambarare hazifai.”

Kweli, ila si kwa kiasi watu wanachodhani. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi 1 kila mita 300. Same mjini, zaidi ya mita 850 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 97. Kwenye mita 1,500 ni karibu 95. Rejeta si sufuria. Mfuniko wenye presha ya takriban 0.9 bar hupandisha kiwango hicho kwa nyuzi 20 hivi. Mfuniko uliolegea springi huondoa kinga hiyo yote, na geji ya joto haitakuambia. Badilisha mfuniko kabla ya kununua sensa.

“Taa ya oili inatosha.”

Hapana. Kwa magari mengi taa hiyo huwaka presha ikiwa imebaki chini ya bar 1, pengine chini ya nusu bar. Geji ya namba inakuonyesha presha ikididimia polepole kadiri oili inavyopata moto. Usishtuke ikishuka gari likiwa sailensa. Angalia inavyopanda ukikanyaga mafuta.

Taa za zamani zisidharauliwe, hata hivyo. Kombi ya injini ya 1600, inayopozwa kwa hewa, haina maji ya kupima. Feni yake imekaa kwenye shafti ya jenereta, na mkanda mmoja huzungusha vyote viwili. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, huenda mkanda umekatika na injini haipati upepo: simama hapo hapo. Ukifunga geji za dijiti, iache taa hiyo ilivyo, na uongeze kipimo cha joto la oili na cha hedi chini ya plagi.

“Sensa yoyote inaingia kwenye geji yoyote.”

Si kweli. Sensa za mafuta za Kimarekani hutumia omu 240 hadi 33, nyingi za Ulaya 10 hadi 180. Ukizichanganya, tangi tupu litaonekana limejaa. Hakiki pia kama gari ni la volti 12 au 24, na funga ethi kwenye bloki ya injini, si kwenye bodi yenye kutu. Kila waya unaoleta umeme uwe na fyuzi yake.

“Geji ni za kupandia.”

Kuteremka na mzigo kutoka Mbaga kurudi Same, injini hupoa na skrini huonekana kuridhika. Kumbe hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na gavana ya pampu inaweza kukata dizeli tu, haiwezi kuizuia isipite kiwango chake. Geji ya mizunguko, inayochukua ishara kwenye terminali ya W ya alteneta, ndiyo ya kuangaliwa njia nzima. Breki hazina geji. Chagua gia ya chini kabla mteremko haujaanza, na ukisikia harufu ya breki, paki na uziache zipoe.